Kichwa Kilikuwa Zana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia ngumu, na mtunza vifaa wa timu akaigonga kwa ngumi nikiwa nimeivaa. "Inakaa vizuri?" Nikasema inakaa. Akacheka, akaniambia nitaizoea. Nilikuwa kijana wa Langley Park, kitongoji cha pembeni ya Washington, mtoto wa dereva wa ubalozi, na sikuwahi kuwaza kwamba ukubwa wa mwili unaweza kumpatia mtu ajira. Mama aliposikia nitalipwa kwa kusukumana na watu wazima, aliuliza kama Marekani nzima imekosa kazi nyingine.

Nayaandika haya kwa sababu kichwa changu kinaisha. Sitaki mnionee huruma. Ninachoogopa ni kitu kimoja tu, kuamka siku nisimjue Furaha, mke wangu.

Vijana mnaonikuta harusini hupenda kuniuliza nilifunga mabao mangapi. Hakuna. Katika mpira wa Kimarekani nilikuwa senta. Senta anainama, anashika mpira ulio chini, anaupitisha katikati ya miguu yake kumpa mpanga mchezo aliye nyuma, na papo hapo anakumbana na jitu lililokuwa likimsubiri mbele. Kazi yangu ilikuwa kupigwa ili mwingine asipigwe, kwenye mechi na kwenye mazoezi.

Nilianzia timu ya kaskazini, kwenye baridi. Kocha wa laini, yaani msimamizi wetu sisi tunaopambana mstari wa mbele, alishindwa kutamka jina langu, akaniita Afrika. "Afrika, mikono yako inachelewa," alikuwa akisema. "Kichwa hakichelewi. Tangulia na kichwa." Nikatangulia nacho. Baba yangu alipofariki, mzee yule alisafiri kuja kuzika. Nashindwa kumchukia, na hilo linaniudhi.

Timu ya pili, ya kusini, ndiko nilikokutana na Mchungaji. Alicheza ubavuni kwangu kushoto, na tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akihubiri kwelikweli. Mtu akipigwa akaona nyota, daktari wa timu alikuwa akimwuliza maswali: tuko mji gani, robo ya ngapi ya mechi, nani kafunga mwisho. Ukikosea unakaa benchi, na ukikaa benchi kuna mtu anaimezea mate nafasi yako. Basi sisi wa laini tulikuwa tukiinama kama tunamfunga mwenzetu kamba za viatu, tunamnong'oneza majibu. "Robo ya tatu," Mchungaji aliniambia siku moja. "Tuko nyumbani. Wao ndio wamefunga." Nikamjibu daktari bila kukosea, nikarudi uwanjani. Mechi ile siijui mpaka leo, niliambiwa tu kwamba tulishinda. Mchungaji naye alifariki akiwa hawatambui watoto wake.

Nilimalizia hapa hapa Washington. Asubuhi moja msaidizi wa ofisi alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. "Kocha mkuu anakuita. Njoo na kitabu chako cha mipango." Kitabu kile kina siri za mbinu za timu; ukiambiwa ukirudishe, ujue umeachishwa. Kocha mkuu alinipokea amesimama. "Magoti yako yamechoka," alisema, akanipa mkono. Kichwa hakukitaja.

Furaha ni mzaliwa wa Bukavu. Anafanya kazi Fairfax, kwenye nyumba ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, na ndiye aliyenigundua kabla ya daktari. Siku hiyo nilimfokea kwa sababu ya funguo nilizoziweka mwenyewe kwenye friji.

"Baba Neema, twende kwa docteur."

"Kwa sababu ya funguo?"

"Hapana juu ya funguo. Siku hizi unakasirikaka bure, na zamani haukukuwa hivyo."

Daktari alisema inaelekea ni yale mapigo, na hakuna dawa ya kuyafuta. Nikamwuliza nitawajua watu wangu mpaka lini. Akasema hajui. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, kisha nikalia kwenye gari, Furaha akiendesha.

Juzi usiku ulipoingia, binti yetu Neema alikuja kukaa karibu yangu. Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza. "Dad, you asked Mom when Mom was coming home," aliniambia huku akifuta machozi. Nilikuwa nimemwuliza Furaha, uso kwa uso, mke wangu atarudi saa ngapi. Mimi sikukumbuka kitu.

Kazini kwa Furaha hawaruhusiwi kumwuliza mzee kama anawakumbuka, maana swali hilo linamtia aibu. Mhudumu husimama mlangoni, akataja jina lake na alichokuja kufanya, kila asubuhi upya.

Jana asubuhi niliamka kichwa kikiwa safi kabisa, nakumbuka kila kitu. Nilimsikia Furaha akija, nikazijua hatua zake, nikawa hata nimeandaa utani kuhusu kile kilemba chake cha kulalia. Akaishia mlangoni na shati langu mkononi, akatabasamu kwa upole.

"Habari ya asubuhi," alisema. "Miye ni Furaha, muke wako. Nimekuja kukusaidia kuvaa."

Nikasema, "Asante, Furaha," nikanyoosha mikono.