Jengo Lenye Alama F

Mlangoni mwa jengo letu la Fittja, huku Uswidi, palibandikwa karatasi yenye mistari ya rangi, kutoka A ya kijani hadi G nyekundu, na mshale ukionyesha F. Nilipita hapo miaka bila kuisoma.

Jirani yangu, mama mtu mzima kutoka Bukavu, ndiye aliyenifanya nisimame kuisoma. Januari moja alinikaribisha chai, nikamkuta sebuleni kavaa koti la nje, taulo kalisokomeza chini ya mlango wa baraza.

"Mama, hita haifanyi kazi?"

"Gusa, mwanangu. Iko moto. Lakini moto yote inakimbia inje."

Nilishuka naye hadi mlangoni mwa jengo nikamsomea ile karatasi. Nilimweleza kwamba A ni nyumba inayotumia nishati kidogo, na G ni ile inayoifuja. Yetu ilikaribia mkia. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Kumbe si mimi mzee. Ni nyumba ndiyo mgonjwa!"

Chini ya karatasi kulikuwa na ushauri wa mkaguzi: kubadilisha mipira ya kuziba kingo za madirisha, kusawazisha hita ili joto lifike sawa kila nyumba, kuongeza sufi ya kuzuia baridi darini. Nilimwandikia mwenye nyumba, hakujibu. Basi tukagonga milango, mama akiongea Kiswahili na Kifaransa, mimi Kiswidi. Tulipoandika tena, safari hii pamoja na majirani, meneja wa jengo alikuja na fundi mwenye kamera ya kupima joto.

Sebule ya mama ilijaa watu. Kwenye kioo cha kamera, kingo za madirisha zilikuwa buluu tupu, rangi ya baridi. Mama aliweka kiganja ukutani, akakiondoa; alama ya vidole vyake ikabaki inang'aa pale kwenye kioo.

"Nimeona," meneja akasema. "Tutaanza kabla ya baridi ijayo."

Nilikuwa na shaka, lakini kiangazi mafundi walikuja kweli. Baada ya majira ya baridi yaliyofuata jengo lilipimwa upya, likapata D. Meneja alisema wazi kwamba kupanda zaidi kunahitaji madirisha mapya.

Juzi nilimkuta mjukuu wa mama akitambaa sakafuni bila soksi, karibu kabisa na mlango wa baraza. Mama alikuwa akikata vitunguu.

"Alhamisi tuna mkutano wa madirisha," aliniambia. "Mimi napika majani ya muhogo, sombe ya kwetu. Wewe leta Kiswidi chako."