Bibie Katoka kwa Mlango wa Mbwa

Mkipita Mingoyo mkasikia mtu ananiita "Wali wa Tundu", msishangae na msicheke kwa nguvu, maana habari hiyo imeshakwenda mpaka Sudi ikarudi, na kila ikirudi inakuwa na chumvi mpya, kwa hiyo nimeona bora niieleze mwenyewe ilivyokuwa, aibu ni yangu na hakuna wa kunisaidia kuibeba.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipotutoka niliacha shule darasa la sita, nikashika jembe nikashika na wadogo zangu, na Zuhura ndiye anayenifuata. Siku hizi natunza nyumba ya Mama Agripina, nesi mstaafu, mwanamke mwenye roho nzuri na mambo yake, kwani ana mbwa mmoja anaitwa Tomi, na ana paka wawili ambao hawaruhusiwi kukanyaga hata uani. Dume ni Sultani (huyo kahasiwa, hana ugomvi na mtu) na jike ni Bibie. Ndiyo, Bibie. Hilo jina ndilo lililoniponza.

Sasa mlango wa jiko umekatwa tundu kwa chini, ukawekwa mpira unaoning'inia, ili Tomi aingie na kutoka apendavyo. Mbwa apite, paka asipite, hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na anayedhani ni nyepesi aje aijaribu. Nilipaka limau kwenye mpira kwa sababu niliambiwa paka hawapendi harufu yake, Sultani akaja akalala palepale kwenye maganda. Nikatundika vifuniko vya soda vilie wakigusa, wakavifanya mchezo. Mwisho nikakata ubao wa kuzibia: Tomi akitaka kupita anakwaruza, nautoa, akishapita naurudisha. Kutwa mimi na ubao, ubao na mimi.

Siku yenyewe Mama Agripina alisafiri kwenda Masasi. Aliniachia neno moja tu: "Hamisi mwanangu, Bibie siku hizi anatafuta dume. Akitoka huyo, ataturudia na ukoo mzima."

Na siku hiyohiyo, baada ya alasiri, washenga kutoka Sudi walikuwa wanakuja kwetu kumposa Zuhura. Baba hayupo, babu hayupo, wali wa kumwoza ni mimi. Zuhura alikuwa amempenda huyo kijana, na alikuwa amelala siku kadhaa bila usingizi mzuri, ananiambia, "Kaka, usiwatishe." Nami nilikuwa nimejipanga kuwatisha kidogo tu, kwa heshima, waone kwamba binti wa watu ana mwenyewe. Kanzu ilitakiwa inyooke. Pasi yetu nyumbani ni ya mkaa na inatema majivu, ya Mama Agripina ni ya umeme, na ruhusa ninayo, kwa hiyo nikaenda na kanzu yangu kazini. Kasoro meza, kwa sababu meza yake ina kioo, joto litakipasua. Nikautazama ule ubao. Nikasema, mara moja tu.

Nikautoa mlangoni, nikautandikia blanketi sakafuni, nikaanza kupiga pasi nikiwa na fulana na msuli. Sijamaliza mgongo wa kanzu, nikaona mkia unamalizikia tunduni. Bibie huyo!

Mtu mwenye akili angefungua mlango. Lakini nilifikiri, nikifungua mlango Sultani naye atatoka, nitakimbiza wangapi? Nikalala kifudifudi, nikapitisha mkono, nikapitisha kichwa, nikapitisha na bega, kisha bega la pili likakataa. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Bibie kakaa juu ya karo la kufulia ananiangalia kama amelipia tiketi.

Ndipo nikasikia kule getini, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Washenga walikuwa wamewahi. Walifika nyumbani, Zuhura akajificha chumbani kama ada inavyotaka, jirani akawaelekeza kwamba kaka mtu yuko kazini, nyumba ya geti la kijani. Mimi sikuyajua hayo, nilidhani ni wapita njia, na walikuwa upande wa mbele wa nyumba, hawanioni na siwaoni. Nikapaza sauti, "Karibuni! Nisaidieni jamani, Bibie katoka!"

Nanyi mnajua posa za kwetu, mtu haji akasema nataka mke, inaanza kwa mafumbo. Mzee Selemani, mkubwa wa washenga, ambaye nasikia alikuwa akiyanoa mafumbo yake njia nzima kutoka Sudi, akadhani nimeshamfungulia mchezo. Akajibu kwa madaha, "Huyo Bibie ndiye tuliyemfuata sisi!"

"Basi kakimbia sasa hivi!"

"Kakimbia? Kapita wapi?"

"Mlango wa mbwa!"

"Mlango wa nani?"

"Wa mbwa, mzee! Nimemfungia ndani lakini wapi, huyo tabia yake ndiyo hiyo, akiona upenyo tu anafuata madume ya jirani!"

Nikasikia sauti ya mwanamke, "Astaghfirullah!" Huyo alikuwa Bi Mwanaisha, shangazi wa bwana harusi. Kisha akasema, "Selemani, turudi. Ikiwa kaka mtu mwenyewe anamtangaza hivi, sisi tunangoja nini?"

Kaka mtu. Nikaelewa ni akina nani, na nikaelewa nimesema nini, na nikaiona sura ya Zuhura kule chumbani na hina yake aliyojipaka kwa kuiba. Nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza: "Msiondoke! Ni paka! Wallahi ni paka!"

Wakaizunguka nyumba, wakasimama. Sikujua la kufanya, nikafanya nililofunzwa. "Shikamooni."

Mzee Selemani akainama akanitazama. "Marahaba," akasema, "ingawa sijui namwitikia mtu au mlango."

Na Tomi, aliyekuwa amelala kivulini, akaona huo ndio wakati wa kuonyesha mapenzi. Alinilamba uso mzima, paji, mashavu, mpaka kidevu, mbele ya washenga, nami nina mkono mmoja tu wa kumfukuzia. Bi Mwanaisha alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika. Alikuwa amebeba kikapu cha ng'onda, zawadi kutoka Sudi, na wakati anacheka Bibie akashuka karoni mwenyewe, akaingiza kichwa kikapuni, mama akamkamata shingo. Limau, vifuniko, ubao, kumbe dawa ilikuwa samaki mkavu!

Mzee akanikunja bega, akanisukuma ndani kama mzigo. Huko ndani pasi ilikuwa imeiunguza kanzu mgongoni, Sultani kalala pembeni yake anaota moto. Nilipofungua mlango, Mzee alikuwa ameshashika ndoo na konzi ya mchanga. Ulimi wa mbwa tunaujua, ni najisi, ni kuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Akawa ananimiminia huku anahesabu, "Moja. Haya wali, sema masharti yako. Mbili."

Yale maneno makali niliyojipanga nayo yalikuwa yameshakwenda na maji. Nikasema lililobaki, uso una mchanga: "Zuhura anasoma ushonaji. Amalize. Mimi shule niliikatiza ili yeye asikatize."

Mzee aliacha kuhesabu. "Atamaliza," akasema. "Na mimi ndiye shahidi." Kisha akasahau tulifika ya ngapi, tukaanza upya.

Tulirudi nyumbani kwa posa yenyewe, nami nimevaa kanzu yenye alama ya pasi mgongoni, nikaongea nao jioni nzima bila kugeuka, hata chai niliifuata kinyumenyume. Zuhura alichungulia pazia akadhani ni adabu mpya.

Siku ya harusi, nyumba imejaa, vigelegele vimepanda, nilisimama mlangoni na yale machozi ambayo mkubwa hatakiwi kuyatoa. Mzee Selemani akaja akanishika bega, lilelile, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Shemeji, tazama mwenyewe. Leo Bibie anatoka kwa mlango wa mbele." Watu wakaangua kicheko, Zuhura akacheka ndani ya ushungi wake, nami nikasogea pembeni kumpisha.

Kanzu nazipigia pasi kitandani sasa. Na ule ubao nimeupigilia bawaba, hautoki mlangoni hata aje mshenga wa sultani.