Mgeni Mzito Msimu wa Mvua

Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza magitaa, na adui yangu mjini Kolwezi alikuwa msimu wa mvua. Ubao wa kifua cha gitaa niliouacha jioni umenyooka, asubuhi niliukuta umevimba kama tumbo. Nilikuwa nikiupima kwa rula hata kabla ya kunawa uso.

Siku moja niliukausha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nikabandika haraka vijiti vya kuushikilia kwa ndani kabla haujanywa unyevu tena. Ilibaki kuugandamiza hadi gundi ishike. Mawe yangeuchubua. Nikaufunga kwa gazeti, nikauficha chini ya mto wa kiti cha sebuleni, kisha nikamngoja rafiki wa baba, fundi wa treni kutoka Tenke, mtu mzito kuliko wote niliowajua.

Alikuja, akaketi. Nilimpa chai, karanga, kisha chai tena. Kila alipotaka kuinuka, nilimuuliza habari za ujana wake.

"Huyu mutoto iko na eshima!" akamwambia baba. Baba alinitazama kwa mashaka; alinijua.

Mwishowe chai yenyewe ilimpeleka chooni. Nikauchomoa ubao, nikaweka rula: umenyooka! Lakini gundi ilikuwa bado mbichi, na mgeni alikuwa amerudi, amesimama mlangoni.

"Kumbe, citoyen, chai ilikuwa ya mbao?" akauliza, akiniita mwananchi kama mtu mzima.

"Ndiyo, tata," nikamjibu, kama ninavyomwita baba.

"Na hiyo gundi itakauka saa ngapi?"

"Mangaribi, tata."

Akaurudisha mwenyewe chini ya mto, akaketi taratibu.

"Basi leta na mukate."