Fundi Mawe Aliyeamka Mgeni Mjini Kwao

Saa kumi na mbili asubuhi, jua la Juni limeshapanda juu ya mapaa ya mji wa Kamenný Luh, na Gejza Kotlár amepiga magoti mbele ya ofisi ya mji. Anaokota jiwe la granaiti lenye ukubwa wa ngumi, analigeuza mara moja kiganjani, analiweka juu ya mchanga na kuligonga kwa nyundo mara mbili. Kisha anaokota lingine.

"Jiwe lina uso," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiligeuza zaidi ya mara moja, kazi hujaijua."

Hatua chache nyuma yake, Zbyněk Houdek, aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na minane, anapaza sauti. "We mgeni! Nisogezee mchanga. Au mpaka nikupigie muhuri?"

"Nitakusogezea, ila niletee mkalimani kwanza. Hicho Kicheki chako sikielewi."

Wanacheka. Lakini Houdek ndiye anayeacha kucheka kwanza. Jiwe linalofuata analigonga kwa nguvu kuliko linavyohitaji.

Leo ni Jumatatu, tarehe 27 Juni 1994. Alhamisi ofisi itakapofungwa, muda wa kuomba uraia wa Cheki kwa njia nafuu utakuwa umekwisha. Kotlár, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, alizaliwa katika hospitali iliyo upande wa pili wa uwanja huu, akasoma hapa na kuoa hapa. Tangu mwaka 1972 amekuwa akitandaza mawe ya njia wanazopita wenyeji kila siku. Hata hivyo, kwa mujibu wa karatasi, yeye ni raia wa Slovakia, nchi ambayo kwa jumla amekaa humo majuma matatu, yote kwa ajili ya mazishi.

Jinsi jambo hilo lilivyotokea inafaa kuelezwa polepole, kwa sababu haraka ndiyo iliyolifanya lionekane la kawaida.

Baada ya vita, Wajerumani walipofukuzwa katika wilaya hizi za mpakani, nyumba zilibaki tupu na viwanda vikakosa mikono. Waromani wa Bohemia, yaani watu wa kabila la akina Kotlár waliokuwa wakiishi upande huu wa Cheki, walikuwa karibu wote wameuawa katika kambi za Wanazi. Serikali ikatafuta vibarua mashariki, vijijini Slovakia, na mwaka 1947 Ondrej Kotlár, babake Gejza, akapanda treni pamoja na mkewe Margita. Hawakuvuka mpaka wowote. Walihama kutoka upande mmoja wa nchi yao hadi upande mwingine.

Mwaka 1969 Chekoslovakia ikawa shirikisho la jamhuri mbili, na kila mwananchi akaandikiwa, juu ya uraia wake wa zamani, uraia wa pili: Mcheki au Mslovaki. Aliyezaliwa Slovakia alihesabiwa Mslovaki, na watoto wake wadogo wakamfuata. Sheria ilimruhusu kuchagua vingine kabla ya mwaka kwisha. Ondrej hakuchagua. Wala majirani zake hawakuchagua.

"Ondrej alisikia habari hiyo kiwandani," anasema Margita, ambaye sasa ni ajuza wa miaka sabini na moja. "Nikamwambia, baba watoto, si uende ukaandikishe? Akanijibu, 'Mke wangu, nchi ni moja, jeshi ni moja, hela ni moja. Nikapange foleni kuomba nini?' Nikaona ana akili. Mwanangu, mimi mwenyewe nilimwona ana akili!"

Kwa miaka ishirini na minne alionekana ana akili. Kisha, kiangazi cha mwaka 1992, viongozi wa vyama viwili vilivyoshinda uchaguzi wakaketi na kukubaliana kuigawa nchi. Zaidi ya watu milioni mbili walitia saini kudai kura ya maoni. Kura haikupigwa. Ilipofika tarehe mosi Januari 1993, ule uraia wa pili, ambao wengi hawakujua kama wanao, ndio ulioamua nani yuko kwake na nani amekuja kutembea.

Mawaziri walijadili mgawanyo wa ndege, balozi na akiba ya dhahabu, wakapata hesabu iliyowaridhisha. Waromani waliosombwa kujenga nchi iliyobomolewa na vita walisahaulika mezani, au pengine walikumbukwa vizuri mno. Sheria mpya inamtaka mwombaji awe hajahukumiwa kwa kosa la makusudi katika miaka mitano iliyopita. Haitaji kabila lolote. Haikuhitaji kutaja.

Kotlár alihukumiwa mwaka 1991. Chini ya kampuni ya zamani ya serikali, mawe yaliyovunjika yalikuwa bahati ya fundi. Kila aliyetaka alijaza toroli, na nusu ya vibanda vya bustani mjini humu vimesimama juu ya mawe hayo. Kampuni ilipouzwa, mafundi hawakuambiwa kwamba desturi imegeuka wizi. Kotlár alichukua toroli mbili, akatandaza njia katika ua wa jengo la mamake, ambako wapangaji walikuwa wakizama kwenye tope hadi vifundoni. Akapewa kifungo cha nje cha miezi minne.

"Mimi nilichukua toroli tatu mwaka uleule," anasema Houdek. "Andika jina langu, Houdek, lenye 'u'. Mimi nimeamka Mcheki bila hata kuvaa viatu."

Saa tatu Kotlár anajipangusa vumbi na kuingia ofisini. Nyuma ya dirisha la kioo yupo Bi Suchánková, mwanamke mpole mwenye sauti ya uchovu.

"Bwana Kotlár. Tena?"

"Tena, Bi Suchánková. Nimeleta fomu."

"Tumeshaongea. Una hukumu, itakataliwa. Halafu sioni barua ya Slovakia kwamba umeukana uraia wao."

"Nikiukana, nanyi mkinikataa, nitakuwa raia wa wapi?"

"Hilo si la dirisha hili."

"La dirisha gani?"

Bi Suchánková anatazama foleni iliyo nyuma ya Kotlár. "Nakushauri kwa wema tu, usijisumbue. Rudi na kazi yako."

Fomu inasukumwa nje kupitia upenyo wa chini ya kioo. Haina muhuri wala tarehe. Hakuna kitakachoonyesha kwamba mtu huyu aliwahi kufika, na hapo ndipo uovu wa mambo haya ulipojificha. Maombi yaliyozuiwa kwa maneno matamu hayaingii katika takwimu, na wizara inaweza kutangaza, bila kusema uongo, kwamba waliokataliwa ni wachache.

Kotlár anapata koruna elfu tano na mia nne kwa mwezi, na ana watoto wanne. Asipopata uraia, atahitaji kibali cha kuishi katika chumba alichozaliwa mkewe, Etela, na kibali kinaweza kunyimwa. Shemeji yake alikwisha kuamriwa kuondoka. Alisindikizwa hadi kituo cha treni na kuelekezwa kwenye kijiji ambako hamjui mtu.

Jikoni kwao, Etela anamwekea viazi na maziwa ya mgando. "Ikane tu hiyo Slovakia, Gejza. Kila mtu anaikana."

"Kila mtu aliyeikana akakataliwa hapa, sasa hana nchi hata moja. Unataka watoto wako wawe na baba asiye wa popote?"

"Nataka wawe na baba aliye hapa! Ukiwapandishia sauti, watakutoa kabla ya wengine."

"Sitapandisha sauti."

Mezani iko barua ya wakili wa Praha anayewasaidia watu kama yeye bila malipo. Ameandika sentensi moja tu kwa herufi kubwa: dai jibu la maandishi. Jibu lenye saini linaweza kupelekwa mahakamani. Ushauri wa wema hauwezi.

Kwa hiyo Alhamisi Kotlár ataomba ruhusa kazini, na Houdek ataandamana naye awe shahidi. Atapitisha fomu chini ya kioo, bila barua ya kuikana nchi yoyote. Ikirudishwa, ataipitisha tena, hadi ofisi ifungwe au fomu ipokewe.

"Sitaki wanipende," anasema akisogeza sahani. "Nataka mmoja wao akae chini, achukue kalamu, aandike kwamba Gejza Kotlár, mzaliwa wa Kamenný Luh, si mtu wa Kamenný Luh. Halafu chini yake aweke jina lake."