Koti Lisilo na Vifungo

Jumapili, tarehe nne mwezi wa tano. Mvua ilianza alfajiri na mpaka mchana huu haijaamua kuacha. Nilikuwa nimelitoa koti la babu sandukuni ili nilianike, nikalisahau nje, likalowa. Sasa limening'inia jikoni kwangu hapa Bukoto, Kampala, na nyumba nzima inanuka sufu mbichi, harufu kama ya kondoo aliyelala karibu na moto. Nilipoivuta hiyo harufu nikajikuta niko Makindye tena, mtoto, nimeshika mkono wa Habuba.

Habuba ndivyo tulivyomwita bibi, mama wa baba yangu, kama watu wetu wa kaskazini magharibi wanavyoita. Mimi niliishia darasa la sita, na sababu yake imo humu humu. Sijui kama nitaieleza vizuri. Nikipotea njiani mtanivuta mkono, maana ninawaandikia kama watu tuliokaa mkeka mmoja.

Koti lenyewe ni la jeshi la Waingereza, zito, rangi ya majani makavu, na halina kifungo hata kimoja. Mahali pa vifungo pamebaki nyuzi fupi zilizokatwa kwa kisu. Habuba alilivaa kila siku ya mvua, wazi kifuani, maji yakiingia atakavyo. Mtu akimshauri ashone vifungo vingine alijibu, "Aliyevikata ndiye avirudishe."

Hadithi ya koti tuliijua sote nyumbani. Babu, Ramadhani, alikuwa askari wa Mfalme kwenye mpaka wa kaskazini, huko kwenye wafugaji na jua kali. Siku moja wakaamriwa kuwapiga risasi watu waliokuwa kisimani na ng'ombe wao, iwe adabu kwa wengine. Babu akaiweka bunduki chini. Akasema, "Hawa wanakunywa maji." Wakamkata vifungo mbele ya wenzake wote, wakamwambia aende kwao, na koti wakamwachia avae hivyo hivyo watu wamcheke njiani. Alitembea mpaka nyumbani. Alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo haya ninayo kwa mdomo wa Habuba tu.

Basi, vita ikaisha mwaka themanini na sita. Serikali mpya ikaingia, na watu wa Kampala wakaanza kuzika mifupa ya wapendwa wao. Sisi tulikuwa wageni wa kaskazini, nyumbani tunaongea Kiswahili, na Kiswahili masikioni mwa majirani kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya mtu mwenye bunduki anayekuambia toa ulicho nacho. Nyumba ya pili aliishi Nalongo, mama wa mapacha. Pacha mmoja alishushwa kwenye gari na askari wa serikali ya zamani, watu wa kaskazini kama sisi, hakuonekana tena. Nalongo hakutupiga, hakututupia mawe. Ila kila nilipofika kwenye bomba la mtaa na jerikeni yangu alisema kwa Kiganda, bila kupaza sauti, "Wapisheni wajukuu wa wauaji wachote."

Lazima niseme haki. Mimi ningekuwa yeye labda ningesema mabaya zaidi.

Habuba alivumilia muda mrefu. Siku moja akaweka jerikeni yake chini na kumwambia, kwa Kiswahili, "Nalongo, mume wangu alifukuzwa jeshini kwa sababu alikataa kuua. Serikali yenyewe iliandika."

"Karatasi iko wapi?" Nalongo akauliza, kwa Kiganda chake. "Kila mjane wa askari ana mume mzuri. Lete karatasi."

"Nitaileta."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kwenda ofisi ya pensheni za askari wa zamani, mjini. Habuba alinichukua kwa sababu nilijua kusoma kidogo, na kwa sababu sikuwa shuleni. Karo ilikuwa imeshindikana. Tulikwenda mara nyingi, tukarudi mara nyingi. Mafaili mengine yalikuwa yamelowa wakati wa vita, mengine wanyang'anyi waliwashia moto wa chai. Kwenye benchi la kungojea Habuba aliongea Kiswahili chake kwa sauti ya sokoni. Watu waligeuka. Nilimvuta koti, nikamwomba aongee taratibu. "Mimi sikuja kuiba," alisema, akaongeza sauti.

Karani wetu alikuwa mtu wa makamo mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Sitamsema vibaya, alituhangaikia kuliko alivyolipwa. Siku aliyolipata faili alikuja nalo mwenyewe mpaka kwenye benchi, uso umefunguka.

"Mama, leo utanipikia," akasema. "Ramadhani bin Abdalla, mpaka wa kaskazini. Alimaliza utumishi, akastaafu kwa heshima, tabia njema. Pensheni yake haijachukuliwa na mtu miaka yote hii. Weka dole gumba hapa."

Karo, nguo za shule, viatu, vyote nilivivaa pale pale kwenye benchi.

Habuba hakunyoosha kidole. "Soma tena alivyotoka."

"Alistaafu kwa heshima."

"Huyo si wangu. Huyo ana vifungo." Akalifungua koti kwa mikono miwili, akamwonyesha nyuzi zilizokatwa. "Wangu alirudi hivi."

Karani akakaa karibu naye. Akaeleza polepole kwamba akina bin Abdalla walikuwa wengi, maana kila kijana aliyesilimu kambini aliandikwa mwana wa Abdalla, baba yake awe yeyote. Huyu mwenye faili alikuwa amekufa, hakuacha mke wala mtoto. Jina ni lile lile, mpaka ni ule ule. Hela imelala bure na haimlilii mtu. Akanitazama mimi. "Na huyu binti asome."

"Unataka niolewe na maiti ya mtu mwingine," Habuba akasema, "nile chakula chake, halafu wangu nimwache humo ndani kwenye vumbi?"

"Mama, ninakusaidia."

"Najua, mwanangu. Nisaidie kumtafuta wa kwangu."

Niliona viatu vyangu vikivuka mlango. Sitajifanya sikuumia. Njiani kurudi nilitangulia mbele, naye hakunibembeleza.

Faili la babu lilipatikana baadaye, limebanwa nyuma ya kabati, karatasi moja tu ya Kiingereza. Karani aliisoma kimoyomoyo, halafu akamwinamia Habuba kama daktari mwenye habari mbaya.

"Sauti yako imekwenda wapi?" Habuba akamwambia. "Soma watu wasikie."

Karani akatazama benchi lote, wazee na wajane, akasoma huku akiigeuza kwa Kiswahili: Ramadhani bin Abdalla aliondolewa jeshini kwa uoga na kwa kukataa amri ya kufyatua risasi. Vifungo vilikatwa mbele ya kikosi. Hana haki ya pensheni, yeye wala warithi wake.

Mzee mmoja akainamisha uso, nadhani alituonea aibu. Habuba akaomba nakala, kwa Kiswahili, na muhuri upigwe. Karani alisema tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumwomba nakala ya fedheha. Lakini alinakili, kwa mwandiko safi, akabonyeza muhuri kwa nguvu.

Tulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye bomba. Wanawake walikuwa kwenye foleni na Nalongo alikuwa anachota. Habuba akaniambia nisome. Nikasoma, nikikwama kwenye maneno marefu. Binti mmoja akacheka. "Banange, jamani, kumbe mumeo alikuwa mwoga."

"Ndiyo," Habuba akasema. "Wangekuwepo waoga wengi kama yeye, leo hapa bombani tungekuwa wengi zaidi."

Jerikeni ya Nalongo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika miguuni kwake, na hakuyafunga. Alinitazama mimi, kisha karatasi, kisha koti. Halafu akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kuisikia mdomoni mwake, akiyatafuta maneno moja moja:

"Mutoto yangu hakukuta mutu kama huyo."

Akafunga bomba, akajitwika maji, akaenda. Habuba akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja.

Hawakuwa marafiki, msije mkadhani. Ila neno wauaji sikulisikia tena pale bombani.

Nimekuwa mtu mzima nikiigeuza karatasi ile. Haitaji kisima wala ng'ombe. Kisima ni cha masimulizi ya Habuba, na yeye alikipokea kwa babu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kujipamba. Inawezekana babu aliogopa kweli. Zamani wazo hilo lilininyima raha. Sasa naona hata kama aliogopa, watu wale walimaliza kunywa maji. Mtoto niliyekuwa alidhani Habuba aliikataa pensheni kwa ukaidi tu, na shule yangu ikaenda na ukaidi huo. Sikujua kwamba mji mzima ulikuwa unaambiwa na walioua kwamba amri haikataliwi, kwamba hawakuwa na la kufanya, na kwamba bibi yangu alikuwa na karatasi yenye muhuri ya kuwajibu. Darasa la sita langu nimelizoea. Watoto wangu wakiniuliza mbona sikuendelea, nawaonyesha ile karatasi ukutani.

Koti halijakauka. Vifungo sitashona.

Na siku ile ya bombani, jioni, tulikula kisra, mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa bamia kavu, bila nyama. Habuba alikula akiwa amelivaa koti, mlango wazi kuelekea kwa Nalongo, akaongezwa chakula mara mbili.