Mama Sephora na Mioto Mitatu ya Nyiragongo

Mama Sephora hahesabu miaka kwa kalenda kama sisi. Anahesabu kwa mlima Nyiragongo, kila unapopasuka na kumwaga moto. Bintiye alizaliwa miaka mitatu kabla ya moto wa pili, ule uliopita katikati ya Goma mpaka ziwani. Moto wa tatu ulifunika nyumba yake kule Buhene, ndipo akavuka mpaka, akafika kwetu Buyenzi, kichwa cha cherehani amekifunga mgongoni kama mtoto. Sasa anashona kwenye baraza yetu, na mimi nikitoka shule namuuliza maswali mpaka achoke.

"Na we Mama Sephora, ulizaliwa lini?"

"Siku mulima ulipopasuka," hujibu kwa maringo, utadhani ulipasuka kwa heshima yake.

Hakuna aliyewahi kuuliza ulipasuka mara ipi. Hata Papa Byamungu hakuuliza. Huyo ni seremala, mjane wa mtaa wa pili, aliyeleta suruali ile ile mara nne, kila mara imechanika pahali pengine. Mara ya tano alileta posa. Mama Sephora akasema ana miaka arobaini, Papa Byamungu akasema ana arobaini na sita, na wote wawili wakaridhika sana.

Shida ilikuja na karatasi ya kanisa ya kutangaza ndoa. Bila tarehe za kuzaliwa, mchungaji alisema, majina yao hayatasomwa Jumapili. Vyeti vya Mama Sephora viko chini ya lava, basi akaniita mimi nijaze, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Papa Byamungu alikaa kando, ndevu amenyoa.

"Andika siku mulima ulipopasuka," Mama Sephora akasema.

Wiki hiyo tulikuwa tumesoma volkano darasani, jinsi mlima unavyojijenga kwa majivu na lava, tabaka juu ya tabaka. Ulimi uliniwasha.

"Mwaka upi? Kuna 1977, 2002 na 2021."

Cherehani ikanyamaza.

"2002 apana," nikaendelea, "ungekuwa mudogo kuliko Sephora. Basi ni tarehe kumi Januari 1977. Uko na miaka arobaini na..."

"Raihana, mutoto wangu, nenda uone kama mama yako anakuita."

"Haniiti."

Papa Byamungu alikuwa akihesabu kwa vidole. Mama Sephora akakunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Nikamtazama usoni, nikaelewa nimefanya nini. Ningekula ile kalamu.

"1977," Papa Byamungu akasema polepole. "Ile siku naikumbuka vizuri. Tulikuwa kwa mujomba, kijiji cha chini ya mulima. Lava ilikuja mbio kama maji. Mi nikakimbia na mbuzi ya mujomba, kamba mukononi..."

Mama Sephora akainua kichwa.

"We si uko na arobaini na sita?"

"Ndiyo."

"Mwaka ule ulikuwa hujazaliwa. Sasa mbuzi ilivutwa na nani?"

Papa Byamungu akatazama vidole alivyokuwa akihesabia. Kisha akacheka mpaka benchi ikatikisika.

"Ule mulima hauna adabu! Nilikuwa na miaka nane. Andika, mutoto, andika tarehe zote mbili."

"Yangu andika kadogo," Mama Sephora akasema, cherehani ikianza tena. "Yake andika kubwa."

Jumapili nilisimama nje ya dirisha la kanisa kusikiliza. Mchungaji alisoma majina tu. Tarehe hakuzigusa kabisa.