Gunia Lililoshonwa Mdomo

Miaka nenda miaka rudi, Mama Nyuzi alichagua bangili zake kwa mkono. Aliingia duka la jumla asubuhi, akavua viatu, akakaa mkekani na kuzivuta zile bangili za nyuzi moja moja, akijaribu mafundo na kunusa rangi. Mzee mwenye duka alimwachia nafasi. "Huyu anachagua utadhani anatafuta mchumba," alikuwa akisema, na watu wakacheka.

Mzee alipofariki, duka likashikwa na mkwewe. Mkeka ukaondolewa, bangili zikawa zinauzwa kwa gunia lililoshonwa mdomo.

"Nifungulie nichungulie tu, mwanangu," Mama Nyuzi aliomba.

"Mama, nikikufungulia wewe, itabidi niwafungulie wote."

Alichukua hivyo hivyo. Meza yake ya kuuzia bangili kando ya kituo cha mabasi ilikuwa tupu, na wateja wake walishaanza kuzoea kwa jirani wa meza ya pili.

Alikuwa akiishi chumba kimoja na mdogo wake, mjane. Walikata uzi wa gunia, wakamwaga mzigo kitandani. Rangi zilipendeza kweli. Mdogo mtu akaokota moja, akaivaa, ikamkwamia vidoleni. Akajaribu nyingine, nayo ikakwama. Wakapekua mpaka chini kabisa.

"Dada, hizi za watoto wachanga."

"Mtoto gani huyo? Hizi hata paka zitambana."

Wakacheka kidogo, kisha wakazirudisha guniani.

Alirudi dukani na gunia kichwani. Mkwe wa mzee alimwonyesha kwa kidevu karatasi ukutani: mali ikishatoka haipokelewi.

"Hata mimi nauziwa magunia yakiwa yameshonwa, mama," alisema kwa upole. "Sijui kilichomo."

Mama Nyuzi alikuwa amejiandaa kugombana. Upole ule ulimmaliza nguvu.

Nyumbani, yeye na mdogo wake wakaanza kufumua, bangili mbili wakiziunga ziwe moja. Vidole viliwachubuka. Chache zilinunuliwa. Halafu binti mmoja akarudi, nyuzi zimelegea kiganjani.

"Sijaja kudai, mama. Nimeona nikuonyeshe tu."

Mama Nyuzi akampa nyingine. Binti akaipokea kwa adabu, akaitia mkobani bila kuivaa, akavuka kwenda meza ya jirani.

Jioni mdogo wake alikuwa anakunja nguo zake. Alikuwa amepata kazi ya kufua kwenye nyumba ya watu, ya kulala hukohuko.

"Nikuulizie na wewe, dada?"

"Na meza nimwachie nani?"

"Meza ipi, dada?"

Mama Nyuzi akainama karibu naye. Akamsaidia kufunga furushi.

Aliendelea kwenda kituoni peke yake, akipanga bangili kwa rangi, akizipangua, akizipanga tena. Abiria walishuka, wakapita. Mwezi haukwisha, jirani akaja na salamu ndefu, akaulizia afya, akaulizia mdogo mtu, mwisho akaomba kama angeweza kupanua meza yake kidogo upande huu.

Mama Nyuzi alisimama, akashika meza yake mwenyewe upande mmoja, wakaisogeza pamoja kando.